Damu ya Anayetafuta Mtoto: Protini Inajibu Nini

Protini zinazopimwa katika damu ya mwanamke anayetibiwa ugumba hazijibu swali moja. Ipo inayosimulia yaliyopita, kama maambukizi ya miaka mingi nyuma yaliyoacha makovu kwenye mirija ya uzazi. Ipo inayokadiria akiba ya mayai. Ipo inayotangaza kwamba mimba imetunga, na ipo inayoonyesha, miezi kadhaa baadaye, kama kondo la nyuma linamlisha mtoto inavyotakiwa. Swali analoingia nalo mwanamke maabara, kama atapata mtoto au hatapata, halina protini yake. Vipimo hivi ni ghali, na hasara kubwa zaidi hutokea pale kimoja kinapopewa kazi ya kingine.

Hata neno mafanikio lina tabaka zake. Hospitali moja huhesabu kipimo cha damu kilichotoka chanya. Nyingine husubiri wiki ya 6 au ya 7 hadi mapigo ya moyo yaonekane kwa ultrasaundi. Familia huhesabu kichanga kilicho hai mikononi. Kutoka hesabu ya kwanza hadi ya tatu idadi hupungua, kwa hiyo asilimia inayotajwa bila kusema imehesabiwa wapi haimsaidii mtu kuamua lolote. Uamuzi huo si mdogo kwa mkazi wa Namawala, kijiji cha wakulima wa mpunga magharibi mwa Ifakara, kwa kuwa matibabu ya kurutubisha yai nje ya mwili, yanayojulikana kwa kifupi cha IVF, humpeleka hadi Dar es Salaam, na mara nyingi shamba au ng'ombe huuzwa kwanza.

Katika Afrika Mashariki, uchunguzi ungefaa kuanzia kwenye mirija. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika katika nchi nyingi na kuchapishwa 1985 ulionyesha kwamba ugumba unaotokana na maambukizi ulikuwa mwingi zaidi Afrika kusini mwa Sahara kuliko katika maeneo mengine yaliyochunguzwa. Kisonono, klamidia, na maambukizi yanayofuata kujifungua au mimba kuharibika huacha makovu yanayoziba njia ya yai. Klamidia ndiyo hatari ya kimyakimya: wanawake wengi hawaumwi wala hawatokwi na uchafu, na wanakuja kujua baada ya miaka ya kusubiri mimba. Lakini mwili huweka kumbukumbu. Kingamwili dhidi ya klamidia ni protini, na aina yake iitwayo IgG hubaki katika damu kwa miaka baada ya ugonjwa kwisha. Zisipoonekana, uwezekano kwamba mirija imeharibika hupungua. Zikionekana hazithibitishi kuziba, bali zinampa daktari sababu ya kuagiza mapema picha ya eksirei ya mirija, ile inayoitwa HSG, badala ya kumpa mgonjwa mzunguko baada ya mzunguko wa vidonge vya kupevusha mayai ambayo hayana pa kupita. Kwa bonde la Kilombero, iliko Namawala, kipimo hiki kinastahili heshima kubwa kuliko inayopewa, hata kama hakina mvuto wa vipimo vipya.

Mirija ndiyo iliyozaa IVF yenyewe. Mama wa Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani kuzaliwa kwa njia hiyo, Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978, alikuwa na mirija iliyoziba. Uganda ilipata mtoto wake wa kwanza wa IVF 2004, Kenya 2006. Ila mrija ulioziba na kujaa maji hudhuru hata kiinitete kilichowekwa moja kwa moja ndani ya mji wa mimba, kwa sababu maji hayo huvuja na kushuka humo. Uwezekano wa mimba hupungua kwa karibu nusu. Ndiyo maana mrija wa namna hiyo hutolewa au kufungwa kabla ya kupandikiza. Anayeruka hatua hii na kukimbilia vipimo vya homoni huwa amejenga bila msingi.

Baada ya mirija huja mayai, na hapa protini inayotajwa zaidi ni AMH. Hutengenezwa na seli zinazozunguka mayai machanga kwenye ovari, kwa hiyo kiwango chake hufuata wingi wa vifuko vidogo vilivyobaki. Ubora wake ni kwamba haipandi na kushuka sana ndani ya mwezi, na damu inaweza kutolewa siku yoyote. Hilo ni nafuu kwa mtu anayetoka mbali. FSH, inayotoka kwenye tezi ya chini ya ubongo, inataka damu ya siku ya 2 au ya 3 ya hedhi, na hutoa habari ileile kwa kuzunguka: ovari zikichoka, ubongo hupaza sauti na FSH hupanda. Daktari huitumia AMH kupanga dozi ya sindano za kukuza mayai. Kiwango kidogo, chini ya nanogramu 1 kwa mililita, huashiria kwamba mayai machache yatavunwa. Kiwango kikubwa, kama kinavyoonekana mara nyingi kwa wenye ovari zenye vifuko vingi, humwonya daktari apunguze dozi, maana ovari zinaweza kuvimba na maji yakajaa tumboni hadi kuhatarisha maisha.

Kinachosahaulika ni kwamba AMH huhesabu mayai, haiyapimi ubora. Ubora hufuata umri zaidi ya kitu kingine chochote. Takwimu za Uingereza za 2019 zilionyesha kwamba, kwa wanawake walio chini ya miaka 35, kiasi cha 32% ya viinitete vilivyopandikizwa viliishia kwa kuzaliwa mtoto. Kwa waliofikisha miaka 43 na kutumia mayai yao wenyewe, haikufika 5%. Mwanamke wa miaka 29 mwenye AMH ndogo ana nafasi nzuri kuliko wa miaka 43 mwenye AMH ya kuridhisha. Tena utafiti wa Marekani uliochapishwa 2017, uliowafuatilia wanawake 750 wa miaka 30 hadi 44 wasiokuwa na historia ya ugumba, ulikuta kwamba wenye AMH ndogo walishika mimba kwa njia ya kawaida sawa na wenzao. Kumwambia msichana asiyewahi kutafuta mimba kwamba uzazi wake unaisha kwa sababu ya namba hii pekee ni kumtia hofu isiyo na ushahidi. Na kabla ya namba yoyote kumtisha mtu, kipimo chenyewe kitazamwe: maabara nyingine huandika kwa pikomoli kwa lita, na nanogramu 1 kwa mililita ni sawa na pikomoli 7.14 kwa lita. Majibu ya maabara mbili yakilinganishwa bila kugeuza kipimo, akiba ileile huonekana imeongezeka mara saba au imeporomoka.

Prolaktini na TSH hazihitaji maneno mengi. Zote ni protini za tezi ya chini ya ubongo, na zikivurugika yai halipevuki vizuri. Prolaktini hupanda pia kwa kunyonyesha na kwa baadhi ya dawa za kuzuia kutapika na za magonjwa ya akili, hivyo orodha ya dawa iulizwe kabla ya tiba kuanza. Matatizo ya aina hii hutibika kwa vidonge, na wengine hushika mimba bila kuhitaji IVF kabisa. Wala hakuna protini katika damu ya mke inayoeleza hali ya mbegu za mume. Mume asiyetaka kupimwa anaweza kumpotezea mkewe miaka ya vipimo visivyo na kazi.

Kiinitete kinapojishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba, ujuzi unapungua na biashara inachangamka. Watafiti wametafuta katika damu protini za uvimbe ziitwazo saitokini, wametafuta glikodelini inayotoka kwenye utando wa mji wa mimba, na sasa zipo mashine zinazopima mamia ya protini kwa tone moja la damu. Matokeo ya namna hii huvutia yanapochapishwa, kisha mara nyingi hufifia yanapojaribiwa kwa kundi jingine la wanawake.

Hesabu ndogo ya mfano inaonyesha kwa nini. Chukua wanawake 100 wanaopandikizwa, na 30 kati yao watashika mimba. Tuseme kuna kiashiria kinachopatia kwa 70%, kwa watakaoshika na kwa wasioshika sawia. Kati ya wale 30, kitawapa jibu zuri 21. Kati ya wale 70, kitawapa jibu zuri kimakosa 21 vilevile. Jumla wanaopewa jibu zuri ni 42, na nusu yao tu ndio watakaoshika mimba, sawa na kurusha shilingi. Wanaopewa jibu baya ni 58, na ndani yao wamo 9 ambao wangeshika mimba. Wakiambiwa waache, mimba hizo 9 zimepotea kwa sababu ya karatasi. Kiashiria cha 70% si kibaya kwa mtafiti anayechunguza jinsi mimba inavyojishikiza. Kwa mwanamke mmoja aliyekaa mbele ya daktari, hakitoshi kuamua.

Kwa watu wa bonde la malaria kuna jambo la ziada. Protini za uvimbe, kama CRP, hupanda kwa malaria, kwa homa, hata kwa kidonda. Kiwango cha kawaida kilichowekwa kwa wanawake wa Ulaya hakiwezi kuhamishwa kilivyo hadi kwa mkulima wa Namawala aliyetoka shambani juzi. Hata Ulaya kwenyewe, mapendekezo ya chama cha wataalamu wa uzazi, ESHRE, ya 2023 hayakubali kupima seli za kinga za damu kama huduma ya kawaida katika IVF, na mamlaka ya uzazi ya Uingereza, HFEA, nayo imevipa vipimo na tiba za kinga alama ya chini. Hospitali inayoviuza kama lazima inapaswa kuulizwa ushahidi, na mgonjwa ana haki ya kuuliza.

Protini iliyothibitishwa kuliko zote ni hCG. Hutengenezwa na seli zitakazokuwa kondo la nyuma, na huanza kuonekana katika damu kiasi cha siku 8 hadi 10 baada ya yai kurutubishwa. Kabla ya kemia kuimudu, ilipimwa kwa wanyama: miaka ya 1920 mkojo wa mwanamke ulidungwa kwa panya wadogo, na miaka ya 1930 wataalamu wa Cape Town walimtumia chura wa Afrika Kusini, ambaye hutaga mayai ndani ya saa chache akidungwa mkojo wa mjamzito. Ugumu ulikuwa kwamba hCG ina vipande viwili, na kimoja, alfa, kinafanana na cha homoni za LH, FSH na TSH, hivyo vipimo vya awali viliweza kuzichanganya. Mwaka 1972 Judith Vaitukaitis, Glenn Braunstein na Griff Ross wa Marekani walichapisha kipimo kinachokitambua kipande cha pili, beta, ambacho ni cha hCG peke yake. Beta ambayo wagonjwa wa IVF huitaja leo ilitoka hapo.

Chini ya uniti 5 kwa lita ni hapana. Zaidi ya 25 ni ndiyo. Katikati ni kusubiri na kurudia. Namba ya kwanza pekee ina maana ndogo kuliko mwendo wake. Katika wiki za mwanzo hCG hukaribia kujizidisha mara mbili kila baada ya siku mbili au tatu, na mimba yenye afya ikianzia chini ya uniti 1,500 kwa kawaida huongeza angalau 49% ndani ya saa 48. Ikipanda kwa kusuasua, mimba inaweza kuwa inaharibika, au imetunga nje ya mji wa mimba. La pili ndilo la kuogopwa zaidi, hasa kwa mwenye makovu ya mirija, kwa sababu mrija ukipasuka damu hujaa tumboni. Na mkazi wa kijiji kilicho mbali na chumba cha upasuaji hana saa za kupoteza. IVF haiondoi hatari hiyo. Kwa hiyo kipimo cha pili cha hCG na ultrasaundi vifanyike kabla ya mwanamke kupanda basi au treni ya TAZARA kurudi bondeni. Kuna pia mtego upande wa pili: sindano ya kupevusha mayai ya mwisho mara nyingi ni hCG yenyewe, na mabaki yake hukaa katika damu hadi siku 10 au 14. Kipimo cha mkojo kikifanywa nyumbani kabla ya siku iliyopangwa kinaweza kuonyesha mistari miwili ya dawa. Furaha ya siku tatu inayofutwa na jibu la maabara ni maumivu yanayozuilika kwa maelezo ya dakika moja.

Vitabu vingi vya tiba ya ugumba huishia kwenye mapigo ya moyo. Kwa Namawala nusu ya habari bado. Kijiji hiki kinajulikana na watafiti wa malaria duniani kote kwa sababu ya kazi ya muda mrefu ya kituo cha utafiti cha Ifakara, kilichoanzishwa na Waswisi miaka ya 1950 na ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikadiriwa kwamba mkazi wa Namawala aliumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka, yaani karibu kila usiku. Vyandarua vimeshusha sana kiwango hicho, ila mbu aina ya funestusi bado anaambukiza, na msimu wa mpunga familia huhamia kwenye vibanda vya shambani visivyo na kuta za kuzuia mbu.

Hapa huingia protini ya kimelea. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy walionyesha, kwa sampuli za magharibi mwa Kenya, kwamba seli nyekundu zenye malaria hung'ang'ania sukari maalumu ya kondo la nyuma. Mwaka 2003 watafiti wa Copenhagen walitambua protini inayoshikilia, VAR2CSA. Mwili hujifunza kuikabili kwa kukutana nayo ndani ya mimba tu. Ndiyo sababu mimba ya kwanza huumia zaidi na zinazofuata hupata nafuu. Matokeo yake kwa mwenye ugumba hayazungumzwi inavyostahili: mwanamke aliyekulia Namawala, aliyezoea malaria tangu utotoni, akishika mimba yake ya kwanza kwa IVF akiwa na miaka 38, hana kingamwili dhidi ya protini hii zaidi ya binti wa miaka 18 mwenye mimba ya kwanza. Ukomavu wake haumkingi. Na mimba aliyoitafuta kwa miaka mingi iko katika hatari ileile ya upungufu wa damu, mtoto mwenye uzito mdogo, au kuharibika. Utafiti wa mpakani mwa Thailand na Myanmar, uliochapishwa 2012, ulikuta kwamba malaria isiyo na dalili katika miezi mitatu ya kwanza iliongeza uwezekano wa mimba kutoka kwa karibu mara tatu.

Kipimo cha haraka cha malaria, mRDT, nacho hutafuta protini: HRP2, inayomwagwa na vimelea. Inaweza kugundua vimelea vilivyojificha kwenye kondo la nyuma ambavyo hadubini haivioni katika damu ya kidoleni, ila pia hubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya tiba, hivyo tarehe ya malaria ya mwisho iandikwe kwenye kadi. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dawa mseto ya ALu hata katika miezi mitatu ya kwanza, na hakuna sababu ya kuogopa kutibu. Vidonge vya SP vya kuzuia malaria huanza kuanzia wiki ya 13, kila mara mwezi upite kabla ya dozi nyingine. Mwenye VVU anayetumia kotrimoksazoli hapewi SP. Umri wa mimba ya IVF hujulikana kwa siku: kiinitete cha siku 5 kinapopandikizwa, mimba huhesabiwa kuwa na wiki 2 na siku 5. Muuguzi wa zahanati apewe tarehe hiyo kwa maandishi, asikisie kwa hedhi. Na jambo moja linalopita bila kuonekana: hospitali za uzazi mara nyingi huwapa wanawake foliki asidi ya miligramu 5 kwa siku, kiasi kinachodhoofisha SP. Kinachotakiwa pamoja na SP ni miligramu 0.4. Kidonge kilichokusudiwa kumlinda mtoto kinaweza kufungua mlango kwa malaria, na kosa hili hurekebishwa bila gharama yoyote.

Wingi wa damu, unaopimwa karibu kila kliniki ya wajawazito, ni kipimo cha protini pia: hemoglobini. Chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu, chini ya 7 ni hatari kubwa. Kipimo hiki cha bei nafuu kinatabiri mengi zaidi kuhusu mwisho wa mimba bondeni kuliko paneli za gharama kubwa zilizotajwa juu. Feritini, protini inayohifadhi madini ya chuma, isisomwe wakati wa malaria, kwani hupanda na kuficha upungufu.

Miezi ya mwisho ina protini mbili za kondo la nyuma: PlGF, inayosaidia mishipa ya damu kukua, na sFlt-1, inayoizuia. Uwiano wa sFlt-1 kwa PlGF usiozidi 38, kwa mujibu wa utafiti wa 2016, unaondoa kwa uhakika mkubwa hofu ya shinikizo la damu linaloelekea kifafa cha mimba katika wiki moja inayofuata. Mimba za IVF zina hatari kubwa zaidi ya tatizo hili, hasa kiinitete kilichogandishwa kinapopandikizwa katika mzunguko wa dawa tupu ambao yai halikupevuka. Muheza, Tanga, watafiti walikuta kwamba wanawake wa mimba ya kwanza wenye malaria kwenye kondo la nyuma na shinikizo la juu walikuwa na sFlt-1 nyingi. Barabara mbili za hatari hukutana kwa mwanamke yuleyule. Mwenye hatari kubwa huanzishwa aspirini ya dozi ndogo kabla ya wiki ya 16. Na pasipo kipimo cha PlGF, mashine ya presha na kijiti cha kupima protini kwenye mkojo, kila hudhurio, hufanya sehemu kubwa ya kazi.

Baada ya kujifungua hCG hutoweka ndani ya wiki chache, na AMH hurudi kuhesabu mayai yaliyobaki. Kwa mama aliyepatwa na malaria ya kondo la nyuma, kingamwili dhidi ya VAR2CSA hubaki katika damu yake hadi mimba ya pili.